Uzi wa hariri: msokoto wa taichi ya Chen unaanzia wapi, unakwama wapi, na hiyo "chi" ni nini hasa

#1 MsokotaKamba

Wakuu, tuweke uzi mmoja wenye kila kitu kuhusu msokoto wa taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina ya mwendo wa taratibu, maana maswali ni yale yale na majibu yametapakaa huku na huku. Nazungumzia mtindo wa Chen kwa sababu huko msokoto unaonekana kwa macho. Mitindo mingine inao pia, ila imeufunika.

Wachina wanauita chansi, yaani kuzungushia hariri, na nguvu inayotokana nao wanaiita jin. Jin, si jini. Hapa hakuna wa kupandisha. Jina limetoka kwa wavuta hariri: kifukofuko kinalowekwa kwenye maji ya moto, ncha inatafutwa, halafu uzi mmoja wa mamia ya mita unavutwa huku ukizungushiwa kwenye gurudumu. Ukivuta kwa pupa, unakatika. Ukisita, unalegea na kujipiga fundo. Ndiyo sababu mwendo wa taichi haushtuki wala hausimami katikati.

Kijiji ulikotokea mtindo wa Chen ni Chenjiagou, wilaya ya Wenxian, mkoa wa Henan, China. Asili inahusishwa na Chen Wangting wa karne ya 17. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza huko kwa Chen Changxing, akaenda kufundisha Beijing, na mtindo wa Yang ukazaliwa. Aliyeuweka msokoto kwenye karatasi ni Chen Xin (1849–1929): alichora mwili wa mtu ukiwa umezungukwa na mistari miguuni, kiunoni na mikononi, kama mti uliotambaliwa na kunde. Michoro ikachapishwa 1933, mwenyewe keshakufa. Chen Fake, mwalimu wa kijiji hicho hicho, naye alihamia Beijing 1928, na hapo watu wa nje ya kijiji wakaanza kuuona mchezo huo kwa karibu.

Sasa mtazame mtu anayekuna nazi. Kifuu kinakwenda na kurudi juu ya meno ya mbuzi, na papo hapo kinajizungusha kiganjani. Akisukuma bila kuzungusha, anachimba mfereji mmoja. Akizungusha bila kusukuma, kombe linabaki kavu. Mkono kwenye taichi ya Chen una mizunguko hiyo miwili kwa pamoja: unajizungusha kwenye mhimili wake, na unachora duara hewani. Wafuasi wa Hong Junsheng (1907–1996), mwanafunzi wa Chen Fake aliyefundisha Jinan, wanaifananisha na dunia inayojizungusha huku ikilizunguka jua.

Tofauti na mkuna nazi ni moja, na ikikosewa, yote mengine ni mapambo: mkono wa taichi hauzunguki, unazungushwa. Anayeuzungusha ni kiuno, na kiuno kinazungushwa na nyonga.

Mwenye zoezi la hatua kwa hatua alimwage hapa.

#2 NyongaKwanza

Mkuu umeanza vizuri. Kabla ya zoezi, maneno mawili ambayo hayakwepeki. Shunchani: kiganja kinageukia juu, kidole cha mwisho kikiongoza kuja kwako. Nichani: kiganja kinageukia chini na nje, kidole gumba kikiongoza. Kila mwendo wa mkono katika Laojia Yilu, mfululizo wa kwanza wa miendo ya Chen, ni kimojawapo kati ya hivi viwili, hakuna cha tatu.

Zoezi la mkono mmoja, wa kulia. Zipo namna kadhaa za kugawa uzito, hii ndiyo nyepesi kwa anayeanza.

Tanua miguu, nafasi ya mabega mara moja na nusu. Vidole vya mguu wa kulia vielekee nje kidogo. Kaa kama unayetafuta ukingo wa kigoda kirefu: magoti yakunjike kidogo, kifandugu kielekee chini bila kubinuliwa mbele wala nyuma. Mkono wa kushoto kiunoni. Wa kulia uwe umenyooshwa upande wa kulia, ncha za vidole usawa wa macho, kiwiko kimepinda na kimeelekea chini. Uzito kulia, kiasi cha 60 hadi 70 kwa mia. Usiweke 100, mguu mwingine utakufa.

Kwanza achia bega. Kiwiko kishuke, mkono ufuate kwa shunchani hadi usawa wa tumbo la chini, kiganja kikianza kuangalia juu. Wakati huo uzito unahamia kushoto na kitovu kinageuka kushoto nyuzi 30 hivi, si zaidi. Kinena cha kushoto kijikunje na cha kulia kifunguke. Hilo ndilo la kuhisi. Mkono uangalie baadaye.

Mkono ukipita mbele ya tumbo unaanza kupanda upande wa kushoto hadi usawa wa kifua. Hapa ugeuke nichani, gumba likiongoza, uzito urudi kulia, kitovu kigeuke kulia, na mkono utoke nje hadi pale ulipoanzia. Mwishoni bega linatua, kisha kiwiko, kisha kiganja. Kutua huko kusipuuzwe, kwani ndiko kunakofungua mzunguko unaofuata.

Mzunguko mmoja uchukue sekunde 6 hadi 8. Mizunguko 20 kila mkono inatosha kwa mwezi wa kwanza.

Penye matatizo ni kwenye kona mbili, pale mkono unapobadili mwelekeo, chini na juu. Kiuno kinatakiwa kianze kurudi mkono ukiwa bado unamalizia safari ya kwenda. Kama jongoo anapopinda: kichwa kimeshageuka, mkia bado unakuja. Vyote vikigeuka kwa mpigo mmoja, duara linakuwa na pembe, na uzi umekatika. Jirekodi kwa simu kutoka mbele, utaiona pembe hiyo waziwazi.

#3 kitambi_kwisha

Shukrani. Swali la wengi wanaoanza: goti linauma upande wa ndani baada ya wiki mbili tatu. Wengine wanaambiwa ni "chi", ile nguvu ya ndani inayosemwa, "inafungua njia". Kweli?

#4 FundiViungo

Si kweli hata kidogo, na anayewaambia hivyo awaombe radhi.

Goti ni bawaba. Linakunja na kukunjua, na likiwa limekunjwa linaruhusu kujigeuza kidogo tu. Nyonga ni kichwa cha mfupa ndani ya kikombe, inageuka ndani na nje kwa nyuzi 40 hivi kila upande kwa mtu wa kawaida. Msokoto wote wa mguu unatakiwa ufanyike pale. Nyonga ikiwa imekaza, na kwa sisi tunaokaa kwenye viti kutwa nzima imekaza, kiuno kikigeuka ule mzunguko unatafuta pa kwenda. Unyayo umegandia chini, nyonga haitaki, basi anayebaki ni goti. Linaangukia ndani, kano za upande wa ndani zinavutwa, maumivu yanaanza hapo.

Angalia mguu ule ambao uzito unauacha. NyongaKwanza kasema kitovu kigeuke kushoto uzito ukienda kushoto. Watu wanautazama mguu wa kushoto, kumbe goti la kulia ndilo linaporomoka ndani kwa siri. Liweke kwenye mstari wa kidole cha pili cha mguu, libaki hapo mwendo mzima. Kisigino, ukingo wa nje wa unyayo na shina la kidole gumba, vyote vitatu viguse chini. Ukingo wa nje ukinyanyuka, goti limeshaondoka.

Ukishaumia: simama juu zaidi, kama upana wa kiganja kuliko ulivyozoea. Punguza upana wa miguu. Kitovu kigeuke nyuzi 15 tu. Maumivu yakiendelea ukifanya hivyo, pumzika, na goti likivimba au kukwama nenda hospitali. Hapo si habari ya taichi tena. Uchovu wa paja ni kazi halali, lakini maumivu ndani ya kiungo hayana uhalali wowote.

Mkono nao una kipimo chake. Kigasha peke yake kinageuka kama nyuzi 80 hadi 90 kila upande. Ukitaka kiganja kigeuke zaidi ya hapo, bega linapanda kusaidia na kiwiko kinatazama nje kama bawa la kuku. Kwa hiyo kwenye nichani usimalize mzunguko wote. Acha akiba kidogo. Kwapani pabaki nafasi ya ngumi moja.

#5 Haambiliki

Haya yote ni mazoezi ya viungo, mazuri. Basi kwa nini tuendelee kuimba "chi", "nguvu ya ndani"? Hakuna kipimo kilichowahi kuionyesha. Nyonga ni nyonga.

#6 MsokotaKamba

Mkuu Haambiliki, nusu nakupa. Chi haijawahi kupimwa kama kitu kinachopita mwilini kwenye mabomba, na anayedai anaangusha watu bila kuwagusa anaangusha wanafunzi wake mwenyewe tu. Hata jaribio la 2012 la taichi kwa wagonjwa 195 wa Parkinson, wiki 24, lilipima uthabiti wa kusimama na mwendo. Matokeo ya uthabiti yalikuwa mazuri, ila chi haikuwa kwenye mizani.

Nusu nyingine siitoi. Wachina wenyewe wanatenganisha vitu vitatu ambavyo sisi tunavichanganya. Li ni nguvu ghafi ya msuli, ile ya kubeba gunia. Jin ni nguvu iliyofundishwa, inayotoka ardhini na kufika mkononi bila kuvuja njiani. Chi, kwenye uwanja wa mazoezi, ni lugha ya kuelekeza hisia. Mwalimu akisema "rudisha chi tumboni", ukitafsiri kwa lugha ya FundiViungo utapata: achia bega, shusha kidari bila kukibonyeza, legeza tumbo la juu, pumzi ishuke, uzito utue kwenye nyayo. Maagizo matano kwa maneno matatu. Mwanafunzi akipewa yote matano kwa mpigo huku anazunguka, atakakamaa.

Kile wanachoita dantiani kipo ndani ya tumbo, upana wa vidole vitatu au vinne chini ya kitovu. Nyuma yake kiunoni, kati ya pingili ya pili na ya tatu, wanapaita lango la uhai. Kwenye zoezi la NyongaKwanza, watu wa mtindo wa Chen wanataja njia ya chi: mkono ukiingia, kutoka vidoleni hadi tumboni, kisha tumboni hadi kiunoni nyuma, kutoka huko hadi begani, mkono ukitoka, begani hadi vidoleni. Amini bomba au usiamini, ukiifuata njia hiyo kwa fikra, viungo vinafuatana kwa mpangilio sahihi. Ukianza kwa kuitafuta vidoleni, mkono unatangulia na kila kitu kinaparaganyika.

#7 BiTaratibu

Naomba kuongezea hapo kwenye vidole. Baada ya dakika kumi hivi za kuzunguka taratibu, viganja vinapata joto, vidole vinakuwa vizito kana kwamba vimejaa maji, pengine vinawasha kidogo. Ni dalili kwamba bega limelegea na damu inafika. Ichukulieni kama kipimo cha ulegevu, basi. Si nguvu bado. Mtu anaweza kuwa na viganja vya moto na akasukumwa na mtoto.

Tofautisha na ganzi. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pili yake mara nyingi inatokana na kiwiko kilichokunjwa sana au bega lililovutwa chini kwa nguvu. "Shusha bega" haimaanishi libane, acheni lijishukie lenyewe.

Pumzi: mkono ukiingia vuta, ukitoka achia. Anayeanza asijilazimishe hata hiyo, apumue anavyopumua. Kosa baya ni kubana pumzi kwenye zile kona mbili. Wenye shinikizo la damu hasa, kubana pumzi huku mapaja yamekaza si jambo la mchezo. Wajawazito simameni juu, miguu isitanuliwe sana.

#8 KonoLaMpingo

Sasa tufike kwenye kazi yake, maana bila mtu wa kukusukuma hujui kama una msokoto au una madaha.

Jaribio la vidole viwili. Simama katikati ya mzunguko, mkono wa kulia mbele ya kifua. Mwenzako aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na akusukume pole pole kuelekea kifuani mwako. Mambo matatu hutokea. Bega likipanda, umejibu kwa li. Mkono ukiangukia kifuani, umelegea kama tambi. Wanaosema "taichi ni kulegea tu" huishia hapo. Msukumo ukisikika kwenye unyayo wa nyuma na mkono ukabaki umbo lake kama mpira uliojaa upepo wa kadiri, hiyo ndiyo inayoitwa peng. Bila peng msokoto hauna cha kusokota. Kamba haisokotwi kwa nyuzi zilizomwagika.

Kisha aongeze nguvu, nawe usimpinge. Geuza kigasha shunchani huku kiwiko kikishuka kuelekea ubavuni, nyonga ya kulia ikijikunja. Pale aliposhika pamegeuka kama gogo linaloviringika majini: nguvu yake haina pa kukanyaga, inapita kando ya bega lako. Hujamvuta wala hujamsukuma. Njia ya Hong ina kanuni hapa: unapoingiza, ingiza kiwiko, usiingize mkono; unapotoa, toa mkono, usitoe kiwiko. Anayerudisha mkono kifuani amemfungulia mwenzake mlango. Kiwiko kikirudi, mkono unabaki mbele unalinda.

Kupiga ni msokoto ule ule uliofupishwa muda. Chukua ile ngumi ya mtindo wa Chen inayoitwa Yanshou Hongquan. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi, nyonga inageuka, kiuno kinafuata, mgongo, bega, kiwiko, ngumi. Ngumi yenyewe inageuka kwenye sentimita chache za mwisho tu. Wengi wanaigeuza tangu kiunoni, kwa hiyo ikifika imeshamaliza mzunguko na haina kitu. Ni kama keke ya seremala: ncha iguse mbao kwanza, ndipo uzungushe.

Mkono usinyooke hadi kiwiko kujifunga. Kupiga hewa kwa kiwiko kilichofunga, mara 50 kwa siku, kunakula kiungo. Mkono wa pili urudi kiunoni kwa kasi ile ile, huo ndio unaosawazisha. Ukichelewa, mgongo wa chini unalipa deni. Kwa miezi sita ya kwanza, au hata mwaka, usipige kabisa. Zungusha tu.

#9 Haambiliki

Hiyo ya gogo majini nimeielewa. Jin nakubali. Chi bado.

#10 MsokotaKamba

Zungusha hivyo hivyo mkuu, nyonga haziulizi imani ya mtu.

#11 kitambi_kwisha

Swali la mwisho wakuu. Mtu akiwa peke yake, hana mwalimu wala mwenzake, atajuaje kama ni nyonga inayogeuka au ni kiuno kinachoteleza pembeni tu?

#12 NyongaKwanza

Chukua mpini wa fagio. Ulaze mbele yako kwenye ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, ushike kwa mikono yote miwili ubaki umegandia hapo. Simama mkao ule ule, hamisha uzito na geuka, bila mkono wowote kuzunguka.

Ukiwa unateleza, mpini unakwenda kushoto na kulia kama droo ya meza, ncha zote zikitazama pale pale. Ukiwa unageuka, ncha moja inakuja mbele na nyingine inarudi nyuma. Unachokitaka ni vyote viwili, kuteleza kidogo kwanza, kisha kugeuka. Ncha moja ikipanda juu kuliko nyingine, nyonga moja imenyanyuka. Maana yake goti la upande huo limenyooka mapema. Na mpini ukigeuka kidogo huku kifua kimeshageuka sana, unajikamua mgongo kama nguo ya kufuliwa. Kitufe cha shati na kifungo cha mkanda vitazame upande mmoja.

Weka vidole gumba kwenye mikunjo ya kinena baada ya hapo. Ukigeuka kushoto, gumba la kushoto libanwe. Lisipobanwa, rudi kwenye mpini.

#13 FundiViungo

Na fanyeni pekupeku au kwa raba ya soli nyembamba. Soli nene yenye sponji inaficha ule ukingo wa nje wa unyayo unaponyanyuka, utakuja kuusikia kwenye goti.